Je, IPv6 inarahisisha ufuatiliaji wa vifaa vya nyumbani?

Mkazi_Tanga: Habari zenu wanajukwaa. Mtoa huduma wetu wa intaneti ameanza kutugawia anwani za IPv6 (mfumo mpya wa namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti), na sasa simu, televisheni na kamera ya mlangoni kila kimoja kina anwani yake, ilhali zamani vyote vilitoka nje kwa anwani moja ya ruta. Naelewa kwamba anwani za IPv4, yaani mfumo wa zamani, takriban bilioni 4.3, ziliisha katika ghala kuu la dunia Februari 2011. Je, hatujawarahisishia kazi wanaotaka kutufuatilia?

FundiMitandao: Hofu yako ina msingi. Katika utaratibu wa awali, nusu ya pili ya anwani iliundwa kutokana na namba ya MAC ya kifaa (namba ya utambulisho kinayopewa kiwandani), ikachomekwa ff:fe katikati. Kwa hiyo simu iliyohama kutoka nyumbani kwenda ofisini na kisha hotelini ilibeba mkia uleule, na tovuti yoyote iliweza kuitambua. Mwaka 2001 IETF, shirika linaloandaa viwango vya intaneti, ilichapisha waraka wa RFC 3041, ulioleta mkia wa nasibu unaobadilika kila baada ya muda, na simu na kompyuta za sasa hufanya hivyo zenyewe. Chunguza hiyo kamera: fungua ukurasa wa ruta, na ukiona ff:fe katikati ya nusu ya pili ya anwani yake, karibu hakika inatumia utaratibu ule wa zamani.

Wakili_Mbezi: Naongeza kwamba mkia ukibadilika, nusu ya kwanza bado huitambulisha nyumba yako. Mwaka 2016, katika kesi ya Breyer dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa hata anwani inayobadilika inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa binafsi, iwapo mwenye tovuti ana njia ya kisheria ya kumfikia mtumiaji kupitia mtoa huduma wake. Kwangu mimi suala zito ni kumbukumbu anazotunza mtoa huduma: nani anaruhusiwa kuzisoma, na kwa amri ya nani?

FundiMitandao: Nakubaliana nawe, ila tusidhani IPv4 ilikuwa kinga. Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na vifaa vingine vilivyoachwa na nywila za kiwandani, kikavitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na tovuti nyingi kubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Kwa hiyo, Mkazi_Tanga, badilisha kwanza nywila ya kamera, kisha hakikisha ruta inazuia maunganisho ya IPv6 yanayoanzia nje.