Camino Primitivo au kipande cha Sarria? Naomba ushauri kabla sijakata tiketi

MkaziWaChuda
Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Nipo Tanga mjini. Nimekusudia kwenda kuhiji kwa miguu mpaka Santiago de Compostela, Hispania, kwenye kaburi la Mtume Yakobo. Baada ya kusoma sana nimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni Camino Primitivo, inaanzia Oviedo, inakatiza milimani, kilomita 320 hivi. Ya pili ni ile maarufu, Camino Francés, ila kipande cha mwisho tu kuanzia Sarria, kilomita 115. Primitivo nasikia haina msongamano na ndiyo ya zamani kuliko zote, aliipita mfalme Alfonso wa Pili wa Asturias karne ya 9. Sarria kila mtu anaipita. Tiketi nataka kukata mwisho wa mwezi. Ipi bora?

MbuziYaNazi
Mkuu, umetuachia kazi ya kupiga ramli. Unakwenda mwezi gani? Una siku ngapi? Umri? Magoti? Peke yako au na watu? Na hiyo tiketi unakataje kabla ya visa?

Msambaa_Mlalo
Mimi nauliza moja tu. Umewahi kutembea na mzigo mgongoni siku tatu mfululizo? Maana kutoka Chuda mpaka Raskazone hakuna hata kilima cha kumchosha mtoto. Fanya hivi: panda basi, shuka Mombo, kamata barabara ya Soni mpaka Lushoto kwa mguu. Ni kilomita thelathini na ushei na karibu zote ni kupanda. Lala Lushoto. Kesho yake ukiamka unaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, nenda Primitivo. Ukishindwa, Sarria haina aibu.

Na kwa kweli ukishafika Lushoto, endelea tu mpaka Mtae. Sijui mnafuata nini Ulaya.

BintiMuheza
Primitivo nimeitembea yote, Oviedo mpaka Santiago, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kirefu.

Nianze na begi. Shirika la ndege nililopanda lilinifikisha Madrid, begi langu halikufika. Ndani ya begi kuna buti nilizozizoea kwa kupanda nazo Amani kutoka Sigi, zimeshika umbo la mguu wangu kabisa. Miguuni nina raba za kwendea sokoni. Nikaambiwa litakuja kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Nimefika Oviedo, kitanda nakilipia, siku za visa zinakwenda, simu ya huduma kwa wateja inapiga muziki tu. Mwishowe nikaingia dukani nikanunua buti mpya, nzuri, za bei mbaya, ngumu balaa.

Nafika Salas, kisigino cha kulia kimetoa lengelenge. Nafika Tineo, limepasuka na la kushoto limeanza. Pale albergue (ndiyo nyumba za kulala mahujaji, vitanda vya juu na chini, chumba kimoja watu ishirini) bibi mmoja wa Kihispania akanivua soksi bila kuniuliza. Akachoma sindano kwenye lengelenge, akapitisha uzi mweupe, akaukata akauacha humo humo ili maji yachirizike usiku. Kesho yake nimetembea nyuzi zinaning'inia kisiginoni, kila hatua nasema Yesu na Maria. Begi lilinikuta Lugo, zipu imetatuliwa. Fidia nadai hadi leo.

Kwa hiyo la kwanza: buti zako panda nazo ndege zikiwa MIGUUNI. Usiziweke kwenye begi hata ukiambiwa ni joto.

Sasa milima. Ukishapita Borres njia inagawanyika. Moja ni Hospitales: unatembea mgongoni mwa mlima, unapita magofu ya nyumba walikopokelewa mahujaji wa zamani, na huko juu hakuna kijiji, hakuna duka, maji unabeba mwenyewe. Nyingine inashuka Pola de Allande, mkate upo na kitanda kipo, halafu inapanda Puerto del Palo, mita 1,146. Zote zinakutana mbele, kabla ya Berducedo. Kukiwa kweupe, Hospitales ndiyo siku utakayoisimulia maisha yako yote. Siku yetu ukungu ulishuka, unaona nguzo moja ya njia, ya pili huioni. Mtunza nyumba akatuambia bila kumung'unya: leo huko hapana. Wawili wakaenda. Walifika usiku, wamelowa, wanasema walifuata kengele za ng'ombe saa nzima wakidhani ni mahujaji wenzao.

Na usiogope kupanda, ogopa kushuka. Kuteremkia bwawa la Salime ni karibu mita 800. Bwawa unaliona chini muda wote wala halikaribii. Ukishavuka ukuta wake unaanza kupanda upya mpaka Grandas. Kijiji chenyewe cha Salime kimo chini ya yale maji.

NesiMstaafu
Uzi kwenye lengelenge? Jamani! Huo uzi ni barabara ya wadudu kuingia ndani. Sindano iliyosafishwa kwa spiriti, toboa pembeni, kamua maji taratibu, ngozi ya juu USIIBANDUE, paka dawa, funga. Mwenye kisukari asijichome kabisa, aende zahanati.

BintiMuheza
Mama, wewe ndiye mtaalamu, sibishi. Ila nilifika.

NesiMstaafu
Kufika siyo ushahidi, mwanangu.

PwaniBwaga
Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Mamilioni yote hayo kufuata kaburi Hispania na Bagamoyo ipo hapo? Wamisionari wa Roho Mtakatifu walisimika msalaba pale ufukweni mwaka 1868. Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao wakaingia na mwili wa Livingstone, wameubeba toka Chitambo, Zambia ya leo, miezi tisa njiani. Hao ndio watembeaji. Njoo Bagamoyo, utasali, utakula, utarudi na chenji.

Msambaa_Mlalo
Bagamoyo mlima uko wapi? Mtu kaomba milima.

PwaniBwaga
Kaomba hija. Milima ni ziada.

MbuziYaNazi
Kama ni hija ya hapa hapa Afrika Mashariki basi semeni Namugongo, 3 Juni. Kuna watu wanatembea kutoka hapa Tanzania mpaka Uganda kwenye sikukuu ya mashahidi, na hawaandiki uzi kuomba ushauri.

SharifuNgamiani
Mimi Muislamu, hija yangu najua inaelekea wapi, na kwa ziara Bagamoyo ninayo ya Sheikh Ramiya. Ila huu uzi umeninogea. Nauliza: asiye Mkristo akitembea hiyo njia anapewa kile cheti?

BintiMuheza
Sheikh, unatembea na kijitabu, unagongewa mihuri kila unapolala. Ukifika Santiago ofisi ya mahujaji inakuuliza sababu ya safari. Ukisema ni ya dini au ya kiroho unapewa Compostela, ile ya Kilatini. Ukisema ni mazoezi au matembezi, kuna hati nyingine. Sharti ni angalau kilomita 100 kwa miguu. Wa baiskeli 200. Na hakuna anayekuangalia kofia.

Alama za njia ni mshale wa njano na gamba la kombe. Ila angalieni hilo gamba: Asturias linaelekeza kwa upande mmoja, ukiingia Galicia linaelekeza kwa upande wa pili. Nimeona watu wazima wanagombana njia panda. Fuata mshale.

MkaziWaChuda
Asanteni sana. Mniwie radhi, nilikuwa safarini Korogwe. Majibu: nina miaka 56. Siku za kutembea 14. Ni Mei 2027. Goti la kushoto lilifanyiwa upasuaji zamani ila linanisikiliza. Naenda na mama watoto. Yeye anataka Sarria.

MbuziYaNazi
Mkuu!!! Hiyo ndiyo ungeanza nayo.

NesiMstaafu
"Linanisikiliza." Goti halimsikilizi mtu akiteremka mita 800 na kilo kumi mgongoni. Kamwone daktari wa mifupa kwanza, halafu nunua fimbo mbili. Siyo moja, mbili.

Msambaa_Mlalo
Siku 14 kwa kilomita 320 ni wastani wa 23 kwa siku, hakuna hata siku moja ya kupumzika. Kijana anaweza. Wewe na goti lako, sisemi kitu.

BintiMuheza
Pia 2027 ni Mwaka Mtakatifu wa Yakobo, kwa sababu 25 Julai inaangukia Jumapili. Mara ya mwisho ilikuwa 2021, ikaongezwa mpaka 2022 kwa ajili ya korona. Sarria mwaka huo itafurika hata Mei, vitanda mtakimbizana navyo. Mimi ningeanzia Lugo. Bado mpo kwenye Primitivo, mnaona ukuta wa Kirumi umezunguka mji mzima na mnatembea juu yake, halafu ni kama kilomita 100 mpaka Santiago. Mtapima vizuri mkianza mle mle mjini, msiruke hata hatua.

MbuziYaNazi
Lakini Lugo milima yote imeshapita, si ndiyo? Hapo amepata jina la Primitivo bila Primitivo yenyewe.

BintiMuheza
Kweli. Na ukifika Melide njia inaungana na Francés, utulivu kwisha. Kutoka pale ni foleni na watoto wa shule wanaimba.

MbuziYaNazi
Visa nimalizie mimi maana hamuisemi. Ubalozi wa Hispania upo Dar. Ada euro 90, bima ya afya ya angalau euro 30,000, taarifa ya benki, mahali pa kulala. Unaomba si mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Weka nafasi tu ya tiketi, usilipe kwanza. Nina jamaa alilipa kwanza. Basi.

MkaziWaChuda
Nimewaelewa. Lugo sikuwa nimeifikiria. Ila moyo wangu bado uko Hospitales, nisiwafiche. Je, yeye akianza Sarria mimi Oviedo, tukutane mbele?

NesiMstaafu
Miaka 56 na goti la kisu, peke yako ukunguni. Mkeo amekubali hilo au umeliandika tu hapa?

SharifuNgamiani
Huko milimani mnakula nini?

BintiMuheza
Asturias ni maharage na nyama ya nguruwe kwa wingi, Sheikh, utauliza kila sahani. Lakini Melide ni pweza! Wanamchemsha kwenye sufuria kubwa za shaba, wanamkata kwa mkasi mbele yako, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe, pilipili nyekundu ya unga, kwenye kisahani cha mti. Unatoa mkono mfukoni hata kama umechoka.

PwaniBwaga
Pweza wa kuchemsha ni dhuluma. Pweza ni mkaa na ukwaju.

SharifuNgamiani
Hapo naungana na mtu wa Bagamoyo. Sikutegemea.

MkaziWaChuda
Mama watoto amesoma hapo kwenye pweza. Anauliza, ukianzia Sarria unapita Melide?

BintiMuheza
Unapita. Njia zote mbili zinapita.

Msambaa_Mlalo
Mzee wa Chuda, Mombo lini? Jumamosi nipo huru, nakusindikiza mpaka Soni, zaidi ya hapo utajua mwenyewe.

SharifuNgamiani
Huyo pweza wao wanampiga kwanza au wanamtia tu sufuriani?

BintiMuheza
Zamani walikuwa wanampiga. Siku hizi wanamgandisha kwenye friza, analainika mwenyewe.

PwaniBwaga
Friza! Nilijua tu.