Naomba maoni ya riwaya yangu mpya, khasa sura ya tatu

KalamuYaKonde
Assalaam aleikum waandishi wenzangu. Riwaya yangu imetoka mashine: nakala 500, kurasa 212, ofseti, mgongo wa gundi. Inahusu watu wanaogombania shamba la mikarafuu Mtambwe, Pemba. Mzigo umeshashuka bandarini Malindi, Unguja, uzinduzi Jumamosi. Nimetia picha za ukurasa wa 56 na 57. Sura hii inavuta au inachosha? Sitaki sifa.

MkaaDarajani
Waalaykumu salaam. Maoni huombwa kabla ya mashine, lakini hongera.

ShambaNiMali
Kuvuta inavuta, ila karafuu zako haziendi. Ukurasa wa 56 mzee anachuma "maua yaliyochanua". Ikishachanua imekwisha thamani. Karafuu huchumwa tumba likiwa limejaa, limeanza kugeuka jekundu, kichwa hakijafunguka. Tena umezichuma asubuhi, kesho yake zimo guniani! Kuchambua makonyo, yale matawi madogo yanayoshika tumba, umekuruka, kuanika umekuruka. Jua likiwa kali ni siku nne au tano, na kila magharibi zinaanuliwa. Kilo tatu mbichi ndizo zinazokupa kama kilo moja kavu. Kavu ukiivunja inalia kat. Ikipinda, bado, na ukiifunga hivyo inavunda ndani ya gunia. Na haya yote umeyatia mwezi wa Aprili. Masika ya Pemba yatakupa wapi nafasi ya kutandika jamvi?

KalamuYaKonde
Ahsante, lakini msimu nimeuhamisha makusudi. Riwaya si kitabu cha kilimo.

BibiMsomaji
Makusudi ya nini? Mvua hiyo haina kazi yoyote katika sura. Hakuna hata mmoja anayeroa.

KalamuYaKonde
Ubunifu tu, bibi.

FundiChapa
Miye nimekwama ukurasa wa 57. "Hamadkwenda shamba bila ya kuaga." Mistari mitatu chini: "Hamadpofika, alisema hana habari." Hapo mwanzo palikuwa na mtu anaitwa Ali, akabadilishwa kitabu kizima kwa amri moja, na pale pa "neno zima" hapakutiwa alama. Programu haijui Ali mtu na Ali ya Alikwenda. Kila sentensi iliyoanza na kitenzi cha namna hiyo imeliwa. Dawa ilikuwa kutia alama hiyo, kisha kupita pahala kwa pahala, si kubonyeza "badilisha zote" usiku wa kupeleka kazi. Lakini huyo Ali kakosa nini hata atolewe mwishoni?

KalamuYaKonde
Jina tu. Hamad linasikika vizuri zaidi.

BibiMsomaji
Msimu umehamishwa, jina limehamishwa. Yakhe, Ali ni nani?

KalamuYaKonde
Haya. Ni kaka wa mke wangu. Shamba lipo na ugomvi ulikuwepo. Mtu kamvujishia habari ya kitabu, sasa haji nyumbani wala hapokei simu. Lakini Mtambwe si pahala penyewe, na jina mmeona limebadilika. Tena kitabu nimeshakiandikisha COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwa hiyo kisheria niko salama.

MkaaDarajani
Mjomba wa watoto wako huyo. Kitabu kitasemwa mwaka mmoja, Idi zinakuja mbili kila mwaka na sinia ni moja.

SheriaNaBaraza
COSOZA inakulinda usiibiwe maneno yako. Kashfa ni mlango mwengine kabisa. Swali la kashfa ni hili: wanaomjua wakisoma, watamtambua? Picha yako inasema Hamad anachechemea mguu wa kushoto na ana duka la vipuri. Kama shemeji naye yuko hivyo, jina umelibadilisha bure, na hata ungetia lile tamko la "wahusika wote ni wa kubuni" lisingefuta kitu. La pili, umemtia doa gani? Kugombania mali si doa. Je, kuna wizi, kuna kughushi?

KalamuYaKonde
Sura ya saba anaghushi hati. Lakini katika riwaya anayeghushi ni Hamad.

HesabuHazilali
Jamani, mnaliwa akili. Hakuna kitabu, hakuna shemeji. Ofseti ya riwaya hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16. Mafungu 13 ni 208, mafungu 14 ni 224. Hiyo 212 imetoka wapi? Huyu anapasha moto soko la Jumamosi.

MkaaDarajani
Au ndiye shemeji mwenyewe, anataka tukiponde kabla ya uzinduzi 😂

KalamuYaKonde
Nane za mwanzo zina namba za Kirumi, 212 za hadithi, nne tupu mwishoni. Jumlisha.

HesabuHazilali
224. Sawa, mafungu 14. Kurasa nne tupu, na bado hukupata pahala pa kutia tamko?

FundiChapa
Tuache hayo. Kitabu cha gundi kila karatasi inasimama peke yake, kwa hiyo mbovu hutolewa bila kugusa nyengine. Kingekuwa cha kushonwa, ungekata moja na mwenzake akalegea. Kata kwa wembe na rula ya chuma, acha kisiki cha milimita 8 kwenye mgongo. Karatasi mpya iwe ya gramu ile ile, na nyuzi zake ziende juu-chini sambamba na mgongo. Zikikingama, unyevu wa hapa utaikunja mawimbi. Tia gundi nyeupe milimita 4 juu ya kisiki, si zaidi, ikizidi inatambaa na kushika ukurasa wa jirani. Laza chini ya uzito usiku kucha. Ukurasa wa 57 ni karatasi moja, unawezekana. Huko sura ya saba kughushi kunachukua karatasi ngapi?

KalamuYaKonde
Tisa.

FundiChapa
Mara 500 ni karatasi 4,500 za kukata kwa mkono. Ahirisha Jumamosi, mwondoe mguu na duka, uchapishe upya sura hizo mbili.

KalamuYaKonde
Kadi zimeshagaiwa, na mgeni rasmi kakubali. Nilichouliza ni kama sura ya tatu inachosha.