Programu za marejeo: kuingia bure, kutoka ndiyo balaa

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Tasnifu iko kwenye marekebisho ya mwisho, na programu ninayotunzia marejeo (siitaji jina) imebadilisha masharti ghafla. Nafasi ya bure imepunguzwa, bila kulipia haisawazishi tena mafaili kati ya kompyuta na simu. Basi, nikaamua kuhama. Nikatoa maktaba yote kwa RIS, muundo wa faili la kuhamishia marejeo, maana kila programu inajisifu kwamba inaisoma.

Kilichotoka ni mifupa mitupu. Mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, basi. Folda nilizozipanga kwa kufuata sura za tasnifu hazimo. Mistari niliyoipaka rangi haimo, kwa sababu kumbe programu haikuwa inaiandika ndani ya PDF, ilikuwa inaiweka kwenye hifadhidata yake yenyewe. Fungua PDF ileile kwa programu nyingine uone: kurasa nyeupe, kama vile hujawahi kuisoma. Maoni ya pembeni nayo, pale nilipompinga mwandishi, pale nilipoandika "linganisha na sampuli ya sura ya tatu", yote yamebaki kule. Hiyo ni kazi ya kichwa changu! Kampuni haikusoma hata ukurasa mmoja.

Na hata hayo yaliyotoka yametoka vibaya. Shirika la Afya Duniani limegeuzwa binadamu, kwenye orodha linasomeka "Duniani, S. la A." Programu imekamata neno la mwisho ikalifanya jina la ukoo, mengine ikayakata kuwa herufi. Kila ripoti ya wizara, kila taasisi, hadithi ni hiyo hiyo, na dawa yake ni kufungua rekodi moja moja na kurekebisha kwa mkono. Makala nyingine ina DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha makala) ukurasa wa kwanza, inaonekana kwa macho, taarifa zake zipo Crossref, wanakosajili DOI, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bure, lakini programu imeweka jina la faili nililopakua kuwa ndiyo kichwa cha makala. Halafu wanakutangazia kila wiki kitufe kipya cha akili bandia cha kukufupishia makala. Kwanza someni DOI!

Msiniambie ni bahati mbaya. Mwaka 2008 Thomson Reuters, waliokuwa wenye programu ya marejeo ya EndNote wakati huo, waliishtaki George Mason University wakidai angalau dola milioni 10 kwa mwaka, kisa Zotero, programu ya marejeo ya bure iliyotengenezwa chuoni hapo, iliweza kusoma mafaili ya EndNote ya mitindo ya kuandika marejeo. Kesi ikatupwa 2009. Mendeley, programu nyingine ya marejeo, ilinunuliwa na Elsevier, kampuni ya kuchapisha majarida, 2013, na toleo la 1.19 la 2018 likaja na usimbaji fiche wa hifadhidata iliyomo ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, Zotero ikashindwa kuisoma moja kwa moja. 2021 wakaondoa na programu za simu. Wakati huohuo faili la BibTeX, muundo wa kuhifadhi marejeo wa 1985, bado unalifungua kwa programu yoyote ya maandishi na kulisoma kwa macho yako. Kwa hiyo inawezekana, hawataki tu.

Zotero naiheshimu: msimbo wake uko wazi na seva yao inakupa MB 300 za bure, chache kweli, ila unaruhusiwa kuweka mafaili kwenye hifadhi yako mwenyewe. Nayo tangu toleo la 6 la 2022 inatunza mistari ya rangi kwenye hifadhidata yake. Tofauti ni kwamba ina njia ya kukutolea PDF ikiwa na mistari yako ndani. Hicho tu ndicho ninachowadai hawa wengine.

Na vyuo vinavyolipia leseni kila mwaka viulize swali hili kabla ya kusaini: mwanafunzi akihitimu na leseni ikakatwa, maoni yake anaondoka nayo vipi? Sijawahi kusikia semina ya maktaba inayoligusa. Wanatufundisha kubonyeza kitufe cha kuingiza marejeo kwenye Word, wanatuaga.

Aliyefanikiwa kutoa mistari ya rangi pamoja na maoni kutoka kwenye programu inayoyafungia kwenye hifadhidata, aweke hatua zake hapa chini. "Lipia tu" siitaki.