Naomba ushauri: bunduki ya bulpapu kwa mtu wa mkono wa kushoto

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, shamba liko njia ya Monduli. Fisi wamenimalizia mbuzi, nimeshaanza taratibu za leseni polisi. Sasa nimekwama kwenye aina ya bunduki.

Navutiwa na bulpapu, zile ambazo magazini (kibebea risasi) na chemba (sehemu risasi inapofyatuliwa) vipo nyuma ya triga. Mtutu unabaki na urefu wake kamili lakini bunduki nzima ni fupi, na mimi muda mwingi nipo ndani ya pikapu. Hilo kwangu ni kubwa.

Shida ni kwamba natumia mkono wa kushoto. Nyingi hutupa maganda ya risasi kulia, maana yake yanapita usoni kwangu! Steyr AUG ya Austria inaweza kubadilishwa itupe kushoto, ila SA80 ya jeshi la Uingereza ni ya bega la kulia tu. Tena triga huwa nzito kwa sababu ya fimbo ndefu inayoiunganisha na mtambo, na mlio uko karibu na sikio. Hata Ufaransa iliiacha bulpapu yake ya FAMAS ikachagua HK416, yenye muundo wa kawaida, mwaka 2016.

Mliowahi kuzishika, hasa wenzangu wa kushoto, mnaionaje? Au nichukue raifo ya kawaida ya bolti (unayoikoki kwa mkono kila risasi)? Na fundi wa kuihudumia huku kaskazini anapatikana?