Nina digrii ya uchumi na ya sheria, kila nikiomba kazi za sera za jamii naambiwa "kozi yako haiendani na tangazo". Nimechoka!

Wakuu habari za mchana. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia kama mambo hayajapangika.

Mimi nina digrii mbili. Ya kwanza uchumi, miaka 3, nilisoma kwa mkopo wa bodi. Ya pili sheria, miaka 4, masomo ya jioni, hiyo nimejilipia mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, mchana niko kwenye kibanda cha uwakala wa pesa Mbagala, saa kumi nafunga nagombania daladala niwahi kipindi. Sikusoma hivyo kwa sababu napenda vyeti. Nilijua toka mwanzo nataka kufanya kazi kwenye mambo ya pensheni, bima ya afya, ruzuku za kaya maskini, na hayo mambo ukiyafungua unakutana na kifungu cha sheria na hela, kifungu na hela, kila ukurasa.

Jana nimeingia kwenye akaunti yangu ya maombi, nafasi ya afisa sera kwenye taasisi moja ya umma, jina naliacha. Hujachaguliwa, kozi uliyosoma haiendani na tangazo. Hii ni mara ya 11!! Tangazo lenyewe nililiprinti ninalo hapa mezani. Majukumu: kuchambua sheria na kanuni za hifadhi ya jamii, kuandaa makadirio ya gharama, kuandika maandiko ya sera. Ukishuka kwenye sifa: shahada ya sosholojia, ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii, imeisha. Sina ugomvi na waliosoma hizo kozi, wanastahili na wako wazuri sana, ila nielezeni aliyesoma sheria na uchumi anakosaje hata kuitwa kwenye mchujo kwa kazi ya kuchambua sheria na kupiga gharama? Na kila ombi unapeleka nakala za vyeti kwa wakili agonge muhuri, unalipa, unaskani, unapakia, unasubiri miezi.

Shangazi yangu kafundisha shule ya msingi miaka 34, kastaafu 2023. Yeye kichwani alikuwa na mkupuo (ile sehemu ya pensheni unayolipwa kwa pamoja ukistaafu) wa 50% kama wenzake waliomtangulia, akakuta kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kimeshabadilishwa 2022, mkupuo 33%. Nikapanda basi mpaka Korogwe. Tumekaa mkekani barazani, katoa daftari la hesabu la mjukuu wake, nikamwandikia: miezi uliyochangia, zidisha na wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka yako mitatu bora, gawanya kwa 580, zidisha na 12.5, halafu chukua asilimia 33. Akaweka kidole kwenye 580. "Mwanangu, na hii imetoka wapi?" Nikamwambia ipo kwenye kanuni, zamani mfuko wenu wa pensheni ulikuwa unagawanya kwa 540, kigawanyo kikiwa kikubwa chako kinapungua, na ile 67 iliyobaki ndiyo inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Akanyamaza muda mrefu halafu akaanza kuirudia mwenyewe kwa penseli, mstari kwa mstari, mpaka ikatoka. Akasema toka astaafu hakuna mtu aliyemkalisha chini akamweleza. Bajeti ya Juni 2024 ilipotangaza kupandisha mkupuo mpaka 40% kwa kundi lao la waliokuwa wanapata 50% alinipigia simu usiku uleule nimfanyie hesabu upya. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka mimi, na naiweza.

Kuna watu mtasema nenda asasi za kiraia. Nimeenda. Nimejitolea miezi 8 kwenye asasi moja hapa Dar, nauli juu yangu, kipindi kile muswada wa bima ya afya kwa wote umesomwa Bungeni Septemba 2022. Ule wa mwanzo ulitaka mtu asipate leseni ya udereva wala TIN (namba ya mlipakodi) mpaka awe na bima, na mchango uliokuwa unatajwa ni 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6 isiyo kwenye ajira rasmi. Sasa bodaboda mwenye watoto wanne anayepata hela kwa siku, ukimzuia leseni kwa kukosa 340,000 ya mkupuo ataendesha bila leseni, akikamatwa faini, na bima bado hana. Hilo ni swali la sheria au la uchumi? Huwezi kulikata katikati! Niliandika kurasa 14 za uchambuzi, zikaenda na majina ya watu wengine, langu halipo hata kwenye shukrani. Sheria ikaja kupitishwa Novemba 2023. Mkataba niliokuwa naahidiwa kila mwezi uliposogea sogea ukafika Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada, mradi ukafungwa, kwaherini.

Inteviyu nyingine, shirika jingine, mama mmoja kwenye paneli kaangalia CV yangu kanambia "wewe tukikuchukua utatukimbia, utaenda benki au mahakamani". Hajaniuliza swali hata moja la kazi. Na ushauri wa "nenda Law School uwe wakili" (ile shule ya mafunzo ya uwakili baada ya digrii) naombeni msinipe, 2022 wamefaulu 26 kati ya 633 nchi nzima ikapiga kelele, na zaidi ya hapo sitaki mahakama mimi.

Wenye mamlaka ya kuandika matangazo kama mnapita humu: andikeni kazi inataka mtu ajue nini, halafu tupeni wote mtihani mmoja. Nipeni hiyo kanuni ya pensheni na muswada wowote, nikifeli nitakubali.

Na wadau mliopo wizarani, kwenye mifuko au kwenye utafiti, mliosoma sheria au uchumi mkaingia kwenye sera za jamii, mliingiaje? Tangazo lenu liliandikwaje? Nijibuni hapahapa, PM zangu zimejaa watu wanaouza nafasi.