Noti za kwaya ya wanaume: tununue TTBB, tutafute za bure, au tupange wenyewe nyimbo za Kiswahili?

Besi_Changamwe

Tumsifu Yesu Kristo, wanakwaya wote wa Mombasa na viunga vyake.

Wanaume wa parokia yetu tumeombwa kuimba Misa ya Mtakatifu Yosefu, 19 Machi, peke yetu bila akina mama. Kazi ya kutafuta noti nimepewa mimi. Tuko kumi na wanne: tena (sauti ya juu ya wanaume) wa kwanza wawili, tena wa pili wanne, baritoni sita, besi wawili nikiwemo. Karibu nusu yetu wanafanya kazi za zamu bandarini, na mmoja wa tena wa kwanza anatoka Likoni. Kivuko kikichelewa, mazoezi huanza bila yeye.

Naona njia tatu. Kuna kununua noti za TTBB (tena wawili, besi wawili) kwa wachapishaji wa ng'ambo, zimeshapangwa kwa sauti za wanaume na zinasomeka vizuri. Kuna maktaba za bure mtandaoni, yaani CPDL na IMSLP. Na kuna kuchukua nyimbo zetu za Kiswahili za sauti nne, zile za tovuti ya Swahili Music Notes, tuzigeuze za wanaume.

Njia hii ya tatu tuliijaribu mwaka jana bila kubadilisha chochote. Tena wa kwanza waliimba soprano, tena wa pili wakaimba alto, sauti ya tatu ikaenda kwa baritoni. Ilitoka nzito na maneno hayakusikika hata benchi la tatu. Tukaambiwa hatukufanya mazoezi ya kutosha. Tulifanya, wiki sita. Naomba ushauri wa watu waliopitia haya.

Tena_wa_Tudor

Milele na milele, Amina.

Kaka, mazoezi hayana kosa hapo. Soprano inayoimbwa na mwanamume inashuka okteva nzima, yaani noti nane. Alto nayo inashuka hivyo hivyo. Lakini sauti ya tatu na besi zinabaki zilipokuwa! Kwa hiyo mstari wa tatu unapanda juu ya wimbo wenyewe, na alto inakwenda kukaa pamoja na besi. Nenda kwenye kinanda ubonyeze C ya kati pamoja na E yake. Halafu bonyeza C na E hizo hizo okteva mbili chini. Za juu zinaita vizuri, za chini zinanguruma tu. Hicho ndicho kilichomeza maneno yenu.

Kuna namna mbili za kutengeneza. Tuseme wimbo uko kii (ngazi ya sauti) ya G na soprano inatembea kati ya D na E ya juu. Ukiupandisha hadi C, ukishashuka okteva utatembea kati ya G iliyo chini ya C ya kati na A iliyo juu yake. Hapo ni pa tena wa kwanza hasa. Kisha sauti mbili za kati ziandike upya kabisa, usizinakili.

Namna ya pili ni kubaki kii ya G, wimbo uwape tena wa pili, na tena wa kwanza waimbe kwa wepesi juu yao, noti ya tatu hivi ukihesabu kutoka ya wimbo. Wamarekani wanaoimba mtindo wa barbershop hufanya hivyo: mwenye wimbo ni sauti ya pili kutoka juu. Kwa watu ulionao mimi ningechukua hii. Wenye wimbo watakuwa wanne, na wa Likoni akichelewa wimbo bado upo.

Baritoni_Mtwapa

Niseme juu ya kununua, kwa sababu sisi tulinunua. Tulipenda Ave Maria ya Franz Biebl baada ya kuisikia kwenye YouTube. Ni wimbo wa wanaume tangu ulipotungwa, na mtunzi alifariki 2001, kwa hivyo haki zake bado ziko hai na noti halali ni za kulipia. Tukachanga, tukalipia nakala za PDF kulingana na idadi yetu, tukachapisha.

Ni siku ya kwanza ya mazoezi ndipo tulipogundua una sauti saba. Kuna kwaya ya sauti nne, na kuna waimbaji watatu wanaosimama kando wakijibizana nayo. Sisi tulikuwa kumi na wawili. Ukiwatoa watatu, waliobaki tisa wagawane sauti nne, na tena wa kwanza amebaki mmoja. Tulijikaza mwezi mzima, kisha tukaziweka noti kabatini. Ni wimbo mzuri mno, na bado natamani siku moja tuuimbe. Lakini kurasa mbili tatu za mfano zilikuwa wazi kwenye tovuti ya mchapishaji na sisi hatukuzihesabu sauti.

Basi kabla hujalipa, fungua kurasa za mfano, hesabu mistari, tafuta noti ya juu kabisa ya tena wa kwanza na ya chini kabisa ya besi wa pili. Palipoandikwa *div.* jua sauti hiyo inagawanyika tena.

Mwalimu_Frere_Town

Amani kwenu vijana wangu.

Mmeongea vizuri, ila sijaona aliyeuliza hao kumi na wanne wanasoma nini. Wangapi wanasoma mistari mitano na wangapi wanasoma solfa, yaani noti za herufi d, r, m, f, s? Mimi nimefundisha kwaya upande huu wa Kengeleni tangu ujana wangu, na kila mara wanaume wazima walioshindwa na mistari wamekuja kushika solfa. John Curwen alipoieneza kule Uingereza katika karne ya 19, alikuwa akiwatafuta watu kama hawa, wafanyakazi wasio na kinanda nyumbani.

Nawe unataka kubadilisha kii. Kwa mistari mitano itabidi uandike kila noti upya. Kwa solfa, ukitoka G kwenda C, unabadilisha herufi moja tu juu ya ukurasa: Doh ni C. Hapo chini *s* inabaki *s*. Kuhusu noti hizo za ng'ambo, nyingi hazina solfa, kwa hiyo utakaa usiku uziandike mwenyewe. Weka muda huo kwenye hesabu yako.

Kijana_wa_Bamburi

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima, kuandika upya si mzigo siku hizi. Ukishauingiza wimbo kwenye MuseScore, programu ya bure ya kuandikia noti, kubadilisha kii ni mibofyo michache. Tena unaweza kuzima sauti nyingine, ukatoa faili ya tena wa pili peke yake na kuituma WhatsApp. Mtu wa zamu ya usiku bandarini anajifunza akiwa kwenye matatu.

Mwalimu_Frere_Town

Marahaba mwanangu. Faili ni nzuri, lakini anayejifunza kwa faili tu humfuata jirani, na jirani akikosekana naye hupotea. Mpe faili na karatasi vyote viwili.

Mama_Kinanda_Mikindani

Kwa hizo za bure nitasema kidogo, maana napiga kinanda na hukutana nazo kila wiki.

CPDL iko tangu 1998 na inakuruhusu kutafuta kwa aina ya sauti. Usiandike TTBB peke yake. Tafuta TTB pia, yaani tena wawili na besi mmoja. Wengi huiruka sauti tatu wakidhani ni ya wanafunzi, na hapo ndipo kuna hazina kwa kwaya ndogo. Misa ya sauti tatu ya William Byrd, ya miaka ya 1590, huimbwa na wanaume hadi leo na haisikiki pungufu popote. Baritoni sita na besi wawili ukiwaweka sauti moja, ukawa na tena wa kwanza, tena wa pili na hao wanane chini, una msingi imara. Waimbaji wa isicathamiya, uimbaji wa wanaume bila ala wa Afrika Kusini, kina Ladysmith Black Mambazo, ndivyo wanavyosimama: wachache juu, besi wengi chini.

Ukipakua, tazama alama ya G mwanzoni mwa mstari wa tena. Ikiwa na 8 ndogo chini yake, tena wanaimba okteva chini ya ilivyoandikwa. Isipokuwepo, hakikisha, huenda mstari huo ni wa alto. Chagua toleo ambalo kila sauti ina mstari wake. Matoleo yanayobana tena wote wawili mstari mmoja yanaokoa karatasi, lakini asiyezoea atasoma mikia ya juu mahali pa mikia ya chini.

Haki nazo. Kwa sheria yetu ya Kenya ya 2001, haki za mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ila aliyepanga upya wimbo wa marehemu ana haki zake juu ya mpangilio huo. Na hizo za Kiswahili unazotaka kugeuza, watunzi wake wengi wako hai. Mpigie, mwombe ruhusa. Mara nyingi namba iko pale pale kwenye noti.

Jambo moja ambalo sijaona likitajwa: 19 Machi daima iko ndani ya Kwaresima. Utukufu unaimbwa kwa kuwa ni sherehe, lakini Aleluya haiimbwi. Nyimbo nyingi nzuri za wanaume zimejaa Aleluya. Soma maneno hadi mwisho kabla ya kuchapisha.

(Wapenda historia: Luigi Cherubini aliandika Rekwiemu ya wanaume watupu, 1836, baada ya askofu mkuu wa Paris kupinga sauti za wanawake katika ile yake ya awali. Huzuni yote ile imebebwa na sauti za wanaume tu. Siyo ya kwenu mwaka huu, lakini isikilizeni.)

Besi_Changamwe

Asanteni sana, Mwalimu, Mama, na ndugu zangu wote. Nimesoma mara mbili mbili.

Jumamosi niliwapima mmoja mmoja kwenye kinanda. Tena wa kwanza wote wawili wanafika G bila kukunja uso, A wanaifikia wakiwa wamesimama vizuri na hawajachoka. Kwa hiyo kupandisha hadi C nimeacha. Wanaosoma mistari ni watano, solfa wanane, mmoja hasomi chochote ila ana sikio zuri sana.

Wimbo wa kuingilia na wa matoleo nimechukua vya Kiswahili, kii ya G kama vilivyo, wimbo kwa tena wa pili, sauti tatu tu. Nimempigia mtunzi wa kwanza, amekubali na ameomba tumtumie sauti tukirekodi. Wa pili bado hajapokea simu. Wimbo wa shukrani niliokuwa nimeuchagua una Aleluya kumi na sita, nimeuondoa. Badala yake tutaimba kitu kifupi cha Kilatini cha TTB kutoka CPDL. Kununua tutangoja hadi tupate tena wa kwanza wengine wawili.

Kilichobaki ni solfa. Nimeandika ukurasa mmoja, na sina hakika na mstari wa kati pale tena wa pili wanapovuka chini ya baritoni.

Mwalimu_Frere_Town

Usiwavushe. Mpe baritoni *s* ya chini, tena wa pili abaki kwenye *d*. Nitumie ukurasa huo leo usiku, nitaupitia kabla ya mazoezi yenu ya Alhamisi.