Jumapili moyo umejaa, Jumanne mkavu: mtu wa sokoni aombe saa ngapi?

MamaViazi_Uyole
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza viazi mviringo soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa sado (kopo la kupimia) na kwa debe. Kuamka ni saa kumi alfajiri, kurudi nyumbani saa moja usiku, Jumapili ndiyo siku pekee ya kukaa. Ibadani nabarikiwa kabisa, lakini ikifika Jumanne ni kama sijawahi kufungua Biblia. Naomba msiniambie "omba zaidi, soma Neno" halafu basi. Nataka kujua ni dakika ngapi, saa ngapi, nianzie kitabu gani, na nikikosa siku tatu nifanyeje. Na kufunga je, kwa mtu anayeinua magunia? Mpango wa kusoma Biblia yote kwa mwaka ulikufa Februari.

Mwinjilisti_Konde
Amina dada. Nianze na huo mpango uliokufa, maana unakufa kwa wengi na mahali ni palepale.

Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unapata 23 kwa wiki, mwaka unaisha umemaliza. Hesabu ni nzuri, tatizo ni njia. Mwanzo na Kutoka ni sura 90, kwa mwendo huo zinaisha wiki ya mwisho ya Januari. Halafu unaingia Walawi: sadaka za kuteketezwa, ukoma, ukungu wa nyumba. Na huku kwetu Januari mwisho ni palizi na mbolea ya kukuzia, watu wamechoka hata kuongea. Msomaji anaachwa nyuma sura kumi, kisha ishirini, anaona aibu, anafunga kitabu. Hilo si shetani, ni mpangilio mbaya.

Chukua Agano Jipya peke yake. Lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 52: limeisha, na kila wiki unabaki na siku mbili za kufidia ulichokosa. Ukikosa tatu, usirudi nyuma kulipa deni lote. Soma sura ya leo, zilizokosekana zisubiri Jumamosi, zisipopatikana ziache. Anzia Marko, sura 16, habari inakwenda mbio na haichoshi. Kisha Yakobo, sura tano tu, nayo inazungumza na wafanyabiashara moja kwa moja (4:13 na kuendelea). Warumi isubiri kidogo.

Kuhusu saa: usitafute muda mpya, hautapatikana. Funga sala kwenye kitu unachokifanya tayari kila siku bila kukumbushwa. Saa kumi lazima uwashe jiko na ubandike maji. Maji yanachukua dakika kumi na kitu kuchemka. Hizo ndizo zako. Biblia ikae jikoni, si sebuleni. Simu ibaki chumbani. Kaa kwenye kigoda, jifunike kitenge au blanketi, usipige magoti sakafuni mwezi wa saba hapo Uyole, utafikiria baridi tu. Usisalie kitandani pia, utalala. (Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kwa ajili ya maombi. Hewa yake inaua.)

Mwongozo wa Luther katika Katekisimo Ndogo, 1529, ni mfupi kushangaza: asubuhi ishara ya msalaba, Imani ya Mitume, Baba Yetu, sala fupi ukitaka, kisha uende kazini kwa furaha. Jioni vilevile, kisha ulale mara moja. Ni dakika tatu au nne. Aliyeandika hivyo hakuwa mvivu wa maombi. Alikuwa anawaandikia watu wenye nyumba na kazi.

Katekista_Iringa
Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene mama.

Naongeza upande wa jioni, maana asubuhi imeshughulikiwa. Kuna zoezi la kuchunguza dhamiri alilolifundisha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, hatua tano. Kwanza shukrani, na iwe ya kitu kimoja chenye jina: si "asante kwa siku", bali "asante kwa yule mteja aliyelipa deni la wiki iliyopita". Pili omba mwanga wa kuona kweli. Tatu pitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka. Nne omba msamaha. Tano weka azimio moja la kesho.

Linapoharibika ni hatua ya tatu. Wengi wanaipitia kama daftari la madhambi tu, wanaishia kuogopa jioni. Unatakiwa uangalie pia mahali ulipopata amani: ulikuwa unafanya nini, na nani, saa ngapi? Mtu wa sokoni anaweza kufanya hivi akiwa kwenye daladala, Mwanjelwa hadi Uyole kunatosha. Macho wazi, mkoba umeushika.

Kusoma nako, kuna njia ya wamonaki ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele ya Mungu. Kwa mtu mwenye dakika kumi chukua aya sita hadi kumi tu. Soma mara ya kwanza kwa sauti ya chini, mara ya pili polepole hadi neno moja likushike, simama hapo. Mfano Zaburi ya 119 imegawanyika mafungu 22, kila fungu aya nane. Fungu moja linatosha siku nzima. Kosa la kawaida ni kugeuza tafakari kuwa maandalizi ya mahubiri: unaanza kufikiria jirani angefaidikaje na aya hiyo.

Jambo lingine. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo wamonaki wa Peramiho na Hanga wanaiishi hadi leo, sura ya 31 inamwambia mtunza ghala avione vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Majembe, ndoo, vipimo. Wewe unayeuza kwa sado, anzia hapo. Wengi wanaolalamika kwamba Jumanne ni kavu, ukichunguza, Jumanne imetengwa kabisa na Mungu kwa sababu ya kile kinachofanyika mezani pa biashara. Sisemi wewe. Nasema uangalie.

Mzee_Rungwe
Sisi Wamoraviani tulio huku tangu 1891 tuna jambo jepesi zaidi: neno la siku. Aya moja ya Agano la Kale inapatikana kwa kura huko Herrnhut, Ujerumani, kisha inachaguliwa ya Agano Jipya inayoendana nayo. Kitabu chake kimechapwa kila mwaka tangu 1731. Mnaona faida? Huchagui mwenyewe aya inayokupendeza.

Andika aya kwenye kipande cha karatasi, kiweke ndani ya kopo la chenji. Kila unapotoa chenji unaiona. Asubuhi isome, saa sita isome, jioni uiseme bila kutazama. Aya ndefu ikate nusu. Ukiweka kwenye simu haitafanya kazi, ukiifungua utakuta ujumbe wa mtu anayeulizia bei.

Moto_wa_Tunduma
Bwana asifiwe sana. Wapendwa mnampunguzia dada kiwango. Dakika kumi ni za mtoto mchanga. Yesu aliwauliza wanafunzi kama hawakuweza kukesha hata saa moja. Mkavu anahitaji kufunga siku tatu kavu, bila maji, na mkesha Ijumaa. Pia asikilize mahubiri siku nzima dukani, spika ndogo tu inatosha.

Nesi_Makambako
Ndugu wa Tunduma, kwa heshima, siku tatu bila maji kwa mtu anayeinua magunia ni hatari, si kiroho. Mwili unakauka, figo zinaumia, mtu anaanguka. Tuseme vizuri.

Anayeanza afunge mlo mmoja: aache chakula cha mchana siku moja ya wiki, maji anywe, na muda wa kula autumie kusali. Akizoea, chakula cha jioni hadi chakula cha jioni, saa 24, maji yakiwepo. Siku hiyo isiwe siku ya kupokea mzigo. Kufungua iwe kwa uji au supu, si ugali na nyama mara moja, tumbo litakusumbua. Asifunge kabisa bila kuongea na mhudumu wa afya: mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa zinazotaka chakula. Hao wafunge kitu kingine, kama simu baada ya saa mbili usiku, au soda. Hata sheria ya Kanisa Katoliki kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo mmoja kamili na viwili vidogo, tena kwa wenye miaka 18 hadi 59. Wazee wa Kanisa hawakuwa wajinga.

Hayo mahubiri ya spika siku nzima ndiyo yanayowakausha wengine. Unasikia sauti ya mtu mwingine akisali hadi unasahau yako. Mahubiri mamoja, kisha zima, ukae kimya unapochambua viazi.

Halafu kuna ukavu ambao ni uchovu tu. Eliya chini ya mti wa mretemu aliomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akatembea hadi Horebu. Kama unalala saa tano usiku na kuamka saa kumi, ni saa tano za usingizi. Panda kitandani saa tatu usiku kwa wiki mbili, kisha uangalie kama bado ni mkavu. Na kama hata Jumapili huna raha, huli, huna usingizi zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya pia. Sala na daktari haviko kwenye ugomvi.

Moto_wa_Tunduma
Kwenye maji nimekuelewa nesi, nafuta. Mkesha siufuti.

Mhasibu_Njombe
Mimi naingia kwa fungu la kumi, maana kwa wafanyabiashara hapa ndipo amani inapopotelea na hakuna anayesema.

Zaka ya shamba katika Kumbukumbu la Torati 14:22 ilihesabiwa kwenye maongeo, yaani kilichozaliwa. Tuchukue mfano: gunia umenunua 70,000, usafiri 5,000, ushuru na kibarua 2,000, umeuza 90,000. Faida ni 13,000, fungu la kumi ni 1,300. Ukitoa 9,000 kwenye mauzo yote, ukaongeza na rejesho la kikoba kutoka mfuko uleule, kwa magunia machache mtaji umeliwa. Unaanza kumnung'unikia Mungu kwa hesabu uliyokosea mwenyewe. Weka bahasha mbili, mtaji na sadaka, na ugawe siku unayofunga hesabu, si Jumapili asubuhi ukiwa umevaa.

Anayetaka kutoa zaidi atoe. Ila ajue ametoa sadaka ya hiari, asije akamdai Mungu.

Na lile la katekista kuhusu vipimo lisipite hivi hivi. Amosi 8:5 inawataja watu wanaoulizana Sabato itaisha lini ili wauze ngano, wapunguze efa (kipimo cha nafaka) na kuongeza shekeli (uzito wa kupimia fedha). Wamekaa ibadani, akili iko kwenye kipimo. Lumbesa zetu ni hiyo hiyo: gunia linaongezwa kilemba cha wavu juu, mkulima wa kule juu analipwa gunia moja, sokoni linatoka moja na nusu. Ukinunua kwa lumbesa na kuuza kwa sado iliyobonyezwa kitako, umemwibia mkulima na mteja kwa siku moja.

MamaViazi_Uyole
Asanteni sana. Mhasibu umenigusa pabaya. Sado za pale karibu zote zimebonyezwa. Nikiuza kwa iliyo sawa peke yangu, si nitafunga biashara ndani ya mwezi?

Mhasibu_Njombe
Hapana, piga hesabu. Debe ni lita 20, sado halisi ni lita 4, kwa hiyo debe linatoa sado tano. Zilizobonyezwa hutoa sita. Wenzako wakiuza 2,500 kila moja, debe linawaingizia 15,000. Wewe uza tano kwa 3,000, ni 15,000 ileile. Hujapoteza hata shilingi, na mteja halipi zaidi kwa kiazi kimoja kimoja.

Ugumu ni siku za mwanzo. Atakuambia bei juu, ataondoka. Weka sado mbili mezani, iliyobonyezwa na iliyo sawa. Jaza iliyo sawa, kisha imimine kwenye nyingine mbele yake. Viazi vinavyodondoka juu ya meza vitasema vyenyewe. Usiwataje majirani wala usiwaelekezee kidole, mtagombana bure. Vya kijani na vilivyooza visiwekwe chini kabisa ya sado, vitenge uviuze bei ya chini kwa anayejua anachonunua. Siku ukiweza, nunua mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, uuze kwa kilo, maneno yote yataisha.

Katekista_Iringa
Na kama kuna mteja wa siku zote unayejua umempunja, Walawi 6:5 inasema urudishe na kuongeza sehemu ya tano. Huna haja ya kutangaza. Kwa safari kadhaa mjazie zaidi, kimya kimya. Mkulima unayemfahamu naye vilevile, kwenye mzigo unaofuata.

MamaViazi_Uyole
Ndaga fijo, asanteni sana. Sado yangu ni ya bati, nitajuaje imepungua kiasi gani, na inanyooka?

Mzee_Rungwe
Ijaze maji kwa chupa za nusu lita ambazo hazijafunguliwa. Zinatakiwa ziingie nane. Ikifurika kwenye ya saba, imeliwa. Kunyoosha ni rahisi. Kitako kikae juu ya mchanga, ingiza mti mnene ndani, ugonge kwa nyundo polepole kuanzia pembeni kwenda katikati. Ikitoboka, nunua nyingine, na ya zamani ioteshee miche ya parachichi.